Kupima shaba majini kwa mwanga: luminoli, kopo la rangi na simu yako

Mzee mmoja jirani kule Kibosho alinijia jioni na swali ambalo sikuwa na jibu lake. Amepulizia mibuni yake dawa za shaba tangu ujana, enzi zile mrututu (salfeti ya shaba), siku hizi dawa za pakiti, kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani. Bomba lake la mgongoni huliosha kando ya mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. "Mwalimu," akaniuliza, "haya maji yakiwafikia wenzetu wa chini, yanabeba nini?"

Njia rasmi ni kupeleka chupa maabara na kulipia. Lakini mtu mwenye maswali kumi kuhusu mifereji kumi hawezi kulipia yote, na mara nyingi anachohitaji ni kujua chupa ipi ndiyo inastahili hela hiyo. Kwa kazi hiyo ya kuchuja ipo njia ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufundisha: unaifanya shaba iliyomo majini iwashe mwanga, na unaupima mwanga huo kwa simu. Nimeifanya Moshi mjini, kwenye chumba cha stoo, kwa vifaa ambavyo vingi nilivinunua soko la Mbuyuni.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa kemia, mwanafunzi wa chuo au fundi maabara anayeweza kupata luminoli kwa muuzaji wa kemikali. Majibu yake hayachukui nafasi ya cheti cha maabara. Usimwambie mtu anywe au asinywe maji kwa sababu ya picha ya simu.

Mwanga unatoka wapi

Luminoli ni unga wa rangi ya krimu. Ukiiyeyusha kwenye maji yenye ubesi na kuiongezea haidrojeni peroksaidi, inaoksidishwa, inatoa gesi ya naitrojeni, na molekuli inayobaki inazaliwa ikiwa na nishati ya ziada. Ikitua, inaitoa nishati hiyo kama mwanga wa bluu, kilele chake karibu nanomita 425. Mwanga huu hautokani na joto, wala taa haihitajiki. Kimulimuli naye hutoa mwanga kwa kemia, ila dawa yake ni nyingine.

Peke yake, kazi hii inakwenda polepole mno hata mwanga hauonekani. Inahitaji kichocheo, na hapo ndipo metali zinapoingia: shaba, kobalti, chuma, kromiamu. Kichocheo kikiwa kingi, mwanga ni mwingi. Kikiwa kidogo, mwanga ni kidogo. H. O. Albrecht alieleza mwanga wa luminoli mwaka 1928, na 1937 Walter Specht wa Ujerumani akaonyesha kwamba chuma kilichomo kwenye damu kinatosha kuiwasha, ndiyo maana polisi wa upelelezi wanaitumia hadi leo. Mashine nyingi za hospitali zinazopima homoni kwenye damu zinafuata wazo hilohilo, zikiwa na kemikali nyingine na jicho kali zaidi.

Kwa nini mwanga na si rangi? Ukipima kwa rangi, unatafuta upungufu mdogo wa mwanga mbele ya taa kali, sawa na kujaribu kusikia mtu mmoja aliyenyamaza katikati ya kwaya. Hapa unatafuta mwanga kidogo ndani ya giza. Kwa hiyo nusu ya kazi yote ni kutengeneza giza, na wengi wanaoshindwa wanashindwa hapo, si kwenye kemia.

Kopo

Nilianza na boksi la viatu. Usianze nalo, maana pembe zake zinavuja mwanga hata ukizifunga tepu mara tatu. Tafuta kopo tupu la rangi, la bati, la lita 4, lenye mfuniko wa kukandamiza. Lioshe na ulipake ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Katikati ya mfuniko toboa tundu dogo la kutosha kamera ya simu tu, kisha lizungushie kipande cha sponji nyeusi ili simu ikikaa juu yake isiache upenyo.

Ubavuni, karibu na juu, toboa tundu la pili la mrija wa dripu. Huu ndio mlango wa dawa. Mrija wa dripu ni mwangavu, na plastiki mwangavu husafirisha mwanga kama bomba lisafirishavyo maji, kwa hiyo uvishe tepu nyeusi ya umeme urefu wake wote, ndani na nje, na uupinde mara moja kabla haujaingia. Mwisho wa nje unachomeka bomba la sindano la mililita 2. Mwisho wa ndani unaishia juu ya mdomo wa chupa ndogo ya kioo, zile za dawa ya sindano, iliyosimama kwenye kishikio ulichogundisha chini ya kopo ili isihame hata milimita.

Adui wa kazi hii ni plastiki nyeupe na karatasi nyeupe. Vitu hivyo vikikaa juani au chini ya taa vinaendelea kutoa mwanga hafifu kwa dakika kadhaa baada ya kufunikwa. Jicho halioni, simu inaona. Usiweke chochote cheupe ndani, na ukishafunga kopo subiri kidogo kabla ya picha ya kwanza.

Jaribu giza lako hivi: weka chupa yenye maji matupu, funga, piga picha ya sekunde 30 chumba kikiwa na taa. Kisha zima taa, funga pazia, piga nyingine. Picha hizo mbili zikitofautiana, kopo linavuja. Mimi huvika juu ya kila kitu blanketi zito jeusi nililookota kwenye soko la mitumba la Memorial, na hufanya kazi usiku. Umeme ukikatika, kwa mara moja maishani unafurahi.

Dawa

Maji kwanza, kwa sababu ndiyo yatakayokuangusha. Maji yaliyotoneshwa (distilled water) yanapatikana maduka ya vipuri kwa ajili ya betri, lakini hakikisha hukupewa asidi; soma lebo, usitegemee neno la muuzaji. Hata hayo yajaribu kabla ya kuyaamini.

Hapo nina kisa. Wiki nzima maji yangu matupu, yasiyotakiwa kuwa na chochote, yalikuwa yanawaka. Nilibadilisha luminoli, nikabadilisha peroksaidi, nikaosha vyombo hadi ngozi ya vidole ikajikunja. Mwisho niligundua kwamba nasuuza chupa kwenye bomba la maabara, na koki yake ni ya shaba. Maji yaliyolala humo usiku kucha yalikuwa yanakuja na shaba yao. Tangu siku hiyo suuzo la mwisho ni la maji yaliyotoneshwa, mara tatu, na vyombo vyote ni plastiki au kioo.

Maji ya luminoli: katika mililita 500 za maji yaliyotoneshwa yeyusha gramu 5.3 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji ndani yake na gramu 2.1 za baikaboneti ya sodiamu. Hii inakupa pH karibu 10.5, mahali ambapo luminoli inapenda. Ongeza gramu 0.09 za luminoli na ukoroge hadi iyeyuke yote. Mizani ya shule inayosoma gramu 0.01 itakosea kidogo hapa, na haidhuru, mradi vipimo vyote vya siku hiyo vitumie chupa hiyohiyo. Funga kwa karatasi ya foili na uiache gizani hadi kesho yake. Luminoli iliyoyeyushwa muda huohuo huwa haijatulia na hutoa majibu yanayoyumba. Kuna atakayeuliza kama magadi ya Ziwa Natron yanafaa badala ya kaboneti ya dukani. Kwa kuwaonyesha watoto mwanga, jaribu. Kwa kupima, hapana: yanakuja na madini mengine usiyoyajua.

Peroksaidi: ile ya asilimia 3 ya duka la dawa inatosha. Mililita 10 zake, maji mililita 90, na uitengeneze upya kila siku. Ya asilimia 30 ya maabara inaunguza ngozi na haina faida yoyote hapa.

Shaba ya kulinganishia: pima gramu 0.39 za mrututu safi wa maabara, ule wenye fuwele za bluu, uyeyushe upate lita 1. Hiyo ni takriban miligramu 100 za shaba kwa lita. Weka matone machache ya asidi ya salfa iliyozimuliwa ili shaba isigande kwenye kuta za chupa. Chukua mililita 10 za hiyo, ongeza maji hadi 100, una miligramu 10 kwa lita. Kutoka hapo tengeneza 5, 2, 1, 0.5, 0.2 na 0.1. Hizi za chini hazilali, zimwage jioni. Ili uwe na pa kusimama, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 2 za shaba kwa lita.

Vaa glavu na miwani. Mrututu ukimezwa ni sumu. Na kamwe usichanganye peroksaidi na maji yenye shaba kisha ukafunga chupa: oksijeni inaendelea kutoka na chupa inaweza kupasuka.

Simu

Fungua kamera kwenye hali ya kujiwekea mwenyewe, ile ambayo simu nyingi za Android huiita Pro. Weka muda wa kufungua sekunde 30 au mrefu zaidi unaoruhusiwa, ISO 800, rangi ya mwanga (white balance) isiyobadilika, na umbali wa kulenga kwa mkono. Kulenga, weka kipande cha gazeti mahali pa chupa mfuniko ukiwa wazi, lenga hadi herufi zisomeke, kisha usiguse tena. Zima flashi, zima mitandao, na ufunike kwa tepu taa yoyote inayometameta. Kama simu inatoa picha ghafi za DNG tumia hizo, maana picha za kawaida simu huzipamba: inang'arisha giza, inalainisha chembechembe, na mtu anayepima hataki kusaidiwa namna hiyo.

Simu moja kwa mradi mzima. Ukibadilisha simu, umebadilisha mizani.

Kipimo chenyewe

Weka mililita 1 ya sampuli kwenye chupa ndogo, ongeza mililita 1 ya maji ya luminoli. Jaza bomba la sindano mililita 1 ya peroksaidi, hakikisha na mrija wenyewe umejaa na hauna hewa. Funga kopo, weka simu, funika blanketi. Bonyeza kamera kwa kuchelewesha sekunde 3 ili mtikisiko wa kidole uishe. Kamera ikishafunguka, hesabu moja, mbili, kisha sukuma peroksaidi yote kwa mkupuo mmoja usio na papara.

Mpangilio huu ndio roho ya jambo. Mwanga huanza papo hapo na sehemu yake kubwa huisha upesi. Ukichanganya nje halafu ukakimbilia kufunga kopo, umepoteza sehemu bora, na kila mara unapoteza kiasi tofauti. Kamera lazima iwe imeshafungua jicho kabla dawa hazijakutana.

Walau mara moja lifanye bila simu, ukichungulia kwa tundu la mfuniko baada ya kukaa gizani dakika kumi. Tumia ile shaba ya miligramu 100. Bluu inaanzia pale tone la kwanza linapogusa maji, inajikunja na kushuka kama moshi uliopinduliwa, halafu chupa nzima inajaa, na kabla hujamaliza kumwita mwenzako aje aone imeshaanza kufifia kutoka ukingoni. Nimeliona mara nyingi na bado huwa nanyamaza.

Anza na maji matupu, mara saba. Ndiyo, saba. Kisha vipimo vya shaba kutoka kidogo kwenda kikubwa, kila kimoja mara tatu, kisha sampuli, kisha rudia maji matupu na kipimo kimoja cha kati kuona kama kuna kilichohama. Fanya yote ndani ya kikao kimoja. Chumba cha Moshi mwezi wa pili saa nane mchana na chumba hichohicho saa nne usiku ni vyumba viwili tofauti, na mwendo wa kemia unafuata joto.

Kusoma picha

Hamishia picha kwenye kompyuta yenye ImageJ, programu ya bure. Kama ni DNG zigeuze kwanza kuwa TIFF. Tenganisha rangi, bakiza bluu. Chora duara juu ya chupa na usome wastani wa mng'ao ndani yake. Duara lilelile, mahali palepale, picha zote. Toa wastani wa duara jingine la ukubwa huo mahali penye giza tupu.

Chora grafu: shaba chini, mwanga ubavuni. Mara nyingi itapinda, usiilazimishe rula. Tumia sehemu iliyonyooka tu, na sampuli kali ziongezee maji hadi ziangukie humo.

Sasa yale maji matupu saba. Tafuta wastani wake na mchepuko wastani (standard deviation, yaani namna majibu yanavyotawanyika), kikokotoo kinautoa. Wastani ukijumlisha mchepuko mara tatu, hapo ndipo mpaka wako. Chochote kilicho chini ya mstari huo, andika "haikuonekana", usiandike "hakuna". Mpaka huu ni wa kopo lako, simu yako na maji yako. Hakuna mtu anayeweza kukuazima wake. Kama unaanguka juu ya miligramu 2, rudi kwenye kopo na maji kabla ya kwenda mtoni.

Wanaojifanya shaba

Luminoli haibagui. Maji ya mfongo yakiwaka, hujajua bado nani ameyawasha, na hapa ndipo watu waungwana wanapotangaza uongo bila kukusudia.

Klorini ndiyo ya kwanza. Maji ya bomba yaliyotibiwa, au ndoo iliyooshwa kwa jiki, huiwasha luminoli bila hata peroksaidi. Basi piga picha ya sampuli na luminoli tu, ukisukuma maji badala ya peroksaidi. Ikiwaka, ni klorini au mwenzake. Yaache maji hayo kwenye beseni wazi hadi kesho, upime tena.

Pili ni metali nyingine. Chuma cha bomba kuukuu na udongo wetu mwekundu kinaweza kuingia kwenye picha. Chuja sampuli kwa karatasi ya chujio kabla ya yote, tope likae nje. Kisha pima mara ya pili ukiwa umeongeza kwenye sampuli EDTA kidogo, kemikali ya maabara inayoshika metali. EDTA huikumbatia shaba na mwanga unazimika. Ukibaki unawaka vilevile, unayemtafuta si shaba. Kromiamu kwa mfano hukumbatiwa polepole sana, kwa hiyo inaendelea kuwasha. EDTA haimalizi kesi, maana inashika na metali nyingine, ila inapunguza watuhumiwa.

Tatu ni kinyume chake, na ndiyo inayonisumbua zaidi milimani: maji yaliyopita kwenye majani yaliyooza yana vitu vya mboji vinavyoificha shaba. Ipo, ila haiwashi. Dawa yake ni kuiongezea sampuli shaba unayoijua. Chukua mililita 9 za sampuli mara mbili. Ya kwanza iongezee mililita 1 ya maji, ya pili mililita 1 ya kipimo cha miligramu 5 kwa lita, ambayo inaongeza 0.5. Tuseme ya kwanza inasoma 30 na ya pili 45. Basi 0.5 imeleta 15, kwa hiyo 30 ni miligramu 1.0 kwa lita. Na kwa kuwa uliongeza maji, zidisha kwa 10, gawa kwa 9, unapata 1.1. Kama nyongeza ya 0.5 haileti karibu chochote, maji yanaimeza shaba, na kimya cha sampuli hiyo hakina maana ya usafi.

Kuchukua sampuli

Chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji ya mahali hapo mara tatu, mdomo ukielekea maji yanakotoka, mbali na matope. Chukua juu ya shamba, chini ya shamba, na mahali panapooshewa bomba. Andika saa, na kama kulinyesha. Mfongo siku ya zamu ya maji na siku iliyokauka hausemi neno moja. Pima siku hiyohiyo.

Kwa mzee, maji ya mfongo juu na chini ya kihamba chake (shamba lake la nyumbani) hayakutofautiana na maji yangu matupu, na nyongeza ya shaba ilionekana vizuri, maana yake hakukuwa na kilichoificha. Ndoo aliyosuuzia bomba ilikuwa habari nyingine. Picha yake ilijaa bluu hadi ikavuka grafu, na hata baada ya kuizimua mara kumi bado iliwaka. Shaba haiozi kama dawa nyingine. Ikimwagwa pale pale miaka na miaka, inakaa kwenye udongo wa pale pale. Nilimwonyesha zile picha tatu kwenye simu, zikiwa zimepangana. Akaziangalia muda mrefu, akaniambia, "Kumbe ni pale kwenye jiwe ninaposuuzia."

Chupa yake ya ndoo ndiyo tuliyoipeleka maabara kulipia.

Kumwaga mabaki

Usimwage sinki. Kusanya mabaki yote kwenye ndoo wazi, yaache hadi mapovu yaishe. Kisha yatie siki au asidi iliyozimuliwa kidogo kidogo, yatatoa povu jipya la kaboneti, hadi karatasi ya litimasi ya bluu igeuke nyekundu. Tumbukiza misumari michache isiyo na kutu. Baada ya siku moja au mbili misumari itakuwa imevaa koti jekundu: shaba imetoka majini na kukaa kwenye chuma. Itoe misumari, ihifadhi kwenye chupa yenye lebo pamoja na taka nyingine za maabara, na maji yaliyobaki uyajaribu kwa luminoli kabla ya kuyaaga. Kumbuka kwamba sasa yana chuma, kwa hiyo yasawazishe kwanza kwa kaboneti, chuma kigande chini, uchuje. Chupa ndogo zilale usiku kwenye asidi iliyozimuliwa, asubuhi suuza mara tatu, uzikaushe zikiwa zimeinama.